RAM Yenye Virusi

Julai, Mbeya, kikombe cha chai hukishiki kwa mkono mmoja. Asubuhi hiyo nimefungua steshenari yangu hapa Mwanjelwa nikiwa na jaketi, kofia ya sufu na furaha kubwa, maana jana yake nilikuwa nimeiongezea kompyuta RAM, ile kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ikatoka giga 2 ikawa giga 4. RAM yenyewe ya mtumba, nimeinunua kwa kijana wa vipuri mtaa wa pili. Tulivutana bei mpaka akanipa na kalenda juu.

Mteja wa kwanza akawa mama mmoja, mweka hazina wa kamati ya harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta yako ina nguvu? Nina watu mia na kumi na mbili hapa."

Akafungua kipochi. Vikaratasi tu! Kila kimoja kina jina la mtu, alichoahidi na alichokwisha kutoa. Kikao ni saa kumi jioni, na mwenyekiti alishatangaza kwamba bila orodha iliyochapwa hakuna kikao. Nikamhakikishia kompyuta ina nguvu mpya.

Tukaanza. Yeye anasoma, mimi naandika, nikimaliza jina anakichana kile kikaratasi vipande vinne na kuvidondosha chini ya kiti. "Nisije nikamsoma mtu mara mbili," akaniambia. Nikamsifu kwa utaratibu wake. Ningejua.

Kwaya inaimba taratibu kwenye spika, chai inafuka, kazi inakwenda. Tulipofika jina la tisini na kitu mashine ikaanza kuburuta miguu. Nabonyeza herufi, inatokea baada ya mimi kuwa nimeshasahau nilibonyeza nini. Mama akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi, kisha akaitazama kalenda ya yule kijana ukutani. Nikaona aibu.

"Dakika mbili tu mama, niisafishe."

Hapo ndipo nilipojifanya fundi. Nikafungua Task Manager, ule ukurasa unaoonyesha kila kinachotembea ndani ya kompyuta. Cha kwanza kukutana nacho kinaitwa System Idle Process, kimeandikiwa 88 kwenye safu ya prosesa. Asilimia 88! Nikasema mwizi nimemkamata. Nikamfunga, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Nikajua huyu ana mtu mkubwa nyuma yake, nikamwacha.

Nikashuka chini, na huko ndiko nilikoishiwa nguvu: svchost. Svchost. Svchost. Svchost. Wiki iliyopita niliwahi kuchungulia, walikuwa kama kumi na tano hivi. Leo nimewahesabu kwa kidole kwenye kioo, 67. Ukoo mzima umehamia usiku! Kilichobadilika tangu wiki ile ni kimoja tu, RAM. Nikaunganisha mambo kwa akili yangu yote ya darasani na ya mtaani nikapata jibu: nimeuziwa RAM yenye virusi, na vimeshazaana.

Nikaanza kuua.

Wa kwanza, kwaya ikakatika katikati ya neno. "Mbona umewanyamazisha?" mama akauliza. Nikamwambia wanapumzika. Wa pili, alama ya Wi-Fi ikaingia msalaba. Wa tatu, wa nne, hakuna nilichoona. Nikahesabu upya, nikakuta baadhi wamerudi! Unamfunga, baada ya muda kidogo yuko palepale. Sasa nani atanidanganya kwamba kitu kinachokufa na kufufuka si kirusi?

Nikamchagua mmoja wa juujuu kwenye orodha, nikambonyeza kwa hasira. Safari hii kikatokea kisanduku, kina maelezo na kiboksi cha kuweka tiki.

"Inasema nini?" mama akauliza.

Kilichoandikwa pale, kwa Kiingereza kinyoofu kabisa, ni kwamba nikiendelea Windows itazima na kila ambacho sijahifadhi kitapotea. Nikamjibu, "Inauliza tu kama nina uhakika, mama."

Nikaweka tiki.

Kioo kikawa bluu chote. Juu kushoto kikatokea kile kisura cha nukta mbili na mabano, kimenuna, na chini yake asilimia zinapanda polepole. Mama akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Huyu aliyenuna ni nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimehifadhi lolote tangu jina la kwanza. Macho yangu yakateremka yenyewe mpaka chini ya kiti chake, kwenye ile theluji ya vikaratasi.

Wakati mashine inajiwasha nikatoka nje na kumpigia kijana wa vipuri. Nilimsomea mashtaka yote. Akanyamaza, nikadhani amekubali kosa. Kumbe alikuwa ameziba simu ili acheke na wenzake.

"Kaka," akasema aliporudi, "RAM ukiikatia umeme haikumbuki hata jina lake. Itakuletea kirusi kutoka wapi?"

Akanieleza kwa lugha ya mtu aliyekulia stendi. Svchost ni gari tu, abiria ni huduma za Windows: sauti, Wi-Fi, tarehe, mambo chungu nzima. Mashine yenye RAM ndogo inawashindilia kwenye magari machache, kama Hiace ya Uyole jioni. Windows 10, tangu lile toleo la 2017, ikiona RAM imezidi giga 3.5 inampa karibu kila abiria gari lake, ili mmoja akianguka asiwaangushe wenzake. Ndiyo maana ukoo uliongezeka: RAM iliingia vizuri! Gari likianguka, mengi Windows inayainua yenyewe. Ila lipo moja, likianguka hilo, nyumba nzima inaanguka nalo. Ndilo nililoliwekea tiki.

"Na yule wa asilimia 88?"

"Hiyo ni nguvu ambayo haina mtu anayeitumia, kaka. Ulitaka kuua mapumziko."

Akaniambia nikitaka kumjua svchost nimbonyeze kitufe cha kulia cha mausi, nichague kwenda kwenye huduma zake, nitaona kapakia nani. Nikiangalia faili lake nikalikuta haliko kwenye folda ya Windows iitwayo System32, hapo ndipo nishtuke. Na vya kufunga bila wasiwasi ni vile nilivyovifungua mwenyewe. Akauliza kivinjari nimefungua kurasa ngapi. Nikamwambia chache. Zilikuwa thelathini na nne, nyingi ni bei za viatu.

Nikarudi ndani. Mungu si Athumani, Word huwa inajiwekea akiba kimyakimya kila baada ya dakika kumi usipoibadilisha, ikanirudishia majina 81. Tulikuwa tumefika la 96. Watu kumi na tano wako sakafuni, vipande sitini.

Nilipiga magoti kwenye saruji ya Julai. Mama juu anaelekeza kama fundi mkuu, mimi chini naokota, tunavipanga kwenye kioo cha mashine ya kopi na kuviunga kwa selotepu. "Hapana, huo si mguu wa 'Mwa' huyu, ni wa 'Mwaka'." Kwa Wanyakyusa mia na zaidi, ambao majina yao mengi huanza hivyo, vipande vya "Mwa" viko vingi, nakuhakikishia. Saa nane na nusu tukawa tumekamilisha kumi na wanne. Wa kumi na tano tuna jina na ahadi ya 50,000, kipande cha alichotoa hakionekani. Mama akampigia simu mwenyewe.

"Mimi nilimaliza zamani," akajibu kabla swali halijaisha.

Akaandikwa amemaliza. Kipande nilikikuta usiku kimenata kwenye soli ya kiatu changu: "bado". Sikumwambia mtu, maana kazi ile sikulipwa na sikuwa na ubavu wa kuifungua upya.

Kesho yake asubuhi kijana wa vipuri akamtuma mtoto kwangu na kitambulisho cha kutoa kopi mbili. Nikatoa, nikampa. Mtoto hakuondoka.

"Nini tena?"

"Amesema uziangalie kwanza kama hazina virusi."