Chogo na swali la nani afundishwe kazi Tanga

Handeni kuna watu waliorudi kwa mababu zao wakaandikwa wakimbizi. Makazi ya Chogo yalifunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya Wabantu wa Somalia waliokimbia vita vilivyozuka mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pande hizi karne ya 19, na kule bonde la Mto Juba wengi hawakuacha kusema Kizigua. Serikali iliwapa ardhi, kisha ikaanza kuwapa uraia. Anayetaka kujadili mafunzo ya kazi kwa wakimbizi na wahamiaji aanzie hapa.

Wanaopinga mafunzo hayo wanauliza: vijana wetu wanashinda vijiweni, iweje mgeni atangulie? Swali hilo lisibezwe. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, pwani ya Tanga, liliamsha matumaini ya ajira mkoa mzima, na walioachwa na vibarua hivyo ni wengi. Mzazi wa Handeni ambaye mwanawe kamaliza kidato cha nne na hana ada ya chuo, akiona mradi unawalipia watu wa Chogo peke yao, ana haki ya kuumia. Ila lawama ni ya aliyepanga mradi kwa kuwatenga majirani, si ya aliyefundishwa.

Tena Tanga haikujengwa na wenyeji tu. Mkonge uliingia mwaka 1893, na mashamba yake yakasimama kwa jasho la manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, wakiwemo waliotoka Burundi, Rwanda na Msumbiji.

Hoja nzito zaidi, kwangu, ni ya sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi eneo alilopangiwa, na kazi ya kuajiriwa inataka kibali. Ukimfundisha kuchomelea halafu hawezi kwenda Korogwe kutafuta karakana, umempa nini? Ndiyo maana naamini uraia umewasaidia watu wa Chogo walioupata kuliko semina yoyote. Raia anaweza kuingia kwenye kikundi na kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu.

Lakini uraia hauleti wateja. Miradi hukimbilia ushonaji kwa sababu cherehani hununuliwa na kukabidhiwa upesi. Kijiji kimoja kitalisha mafundi cherehani wangapi, na mitumba imejaa gulioni?

Bora kuanza na alichonacho mtu. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mwashi anapewa kona ya ukuta. Anavuta kamba, anapanga tofali, anashusha timazi, anaweka pimamaji, mtahini akiwa pembeni. Akifaulu anapata cheti. Aliyejenga nyumba Somalia miaka mingi hana haja ya kufundishwa upya kuchanganya saruji. Afundishwe kinachompungukia, kama kusoma ramani na kukadiria gharama, na akae benchi moja na kijana wa Handeni mwenye pengo hilohilo.

Cheti hakiajiri, kweli, na kufika chuoni Tanga mjini kunataka nauli na pa kulala. Kwa hiyo watahini ndio waende Chogo, na siku hiyo wapimwe pia mafundi wa vijiji vya jirani.