Harufu ya Usafi Si Hewa Safi

Nikiingia supamaketi, safu ya sabuni huwa naipita mbio. Koo linakauka, macho yanawasha, na siku mbaya napiga chafya tatu mfululizo kabla sijafika kwenye dawa za chooni. Pakiti zimefungwa na chupa zimekazwa vifuniko, lakini harufu imeshatoka. Na harufu haitoki peke yake. Unachonusa ndiyo kemikali yenyewe ikiingia puani.

Tumezoea kusifia duka kwamba "linanukia usafi". Hapo ndipo tunapojidanganya. Ile harufu ya ndimu inayobaki sakafuni baada ya deki mara nyingi ni limonini, kemikali inayotoa harufu hiyo. Ikikutana na ozoni, gesi iliyoingia kutoka nje, huzaa vitu vingine, formaldehaidi ikiwemo, ambayo tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Sisemi ukikanyaga sakafu iliyopigwa deki utaugua. Kiasi ni kidogo, nawe unapita tu.

Kona ya mikate na kuku wa kuchoma siwezi kuisema vibaya bila unafiki, maana hunivuta kila mara. Ila moshi wa mafuta yanayoungua una chembechembe ndogo zisizozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unene wa unywele mmoja unafika kama 70. Hizo haziishii puani, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha juu cha chembechembe hizo linachoshauri kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Feni ya kufyonza moshi iliyoganda mafuta haisaidii kitu.

"Lakini kuna kiyoyozi." Jibu hili hunichosha. Viyoyozi vingi vya ukutani hupoza hewa ileile na kuizungusha. Haviingizi hewa mpya. Ubaridi unatuliza ngozi, basi. Kuna vipimo vidogo vya kaboni dayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, vinavyoweza kukuonyesha jinsi watu wanavyovuta pumzi za wenzao: nje ni kama sehemu 420 kwa milioni, na ndani ikipita 1,000 ujue hewa haibadilishwi vya kutosha.

Friji la maziwa lina kipimajoto, kikipanda kidogo tu mtu anaitwa mbio. Maziwa yamepata mlinzi. Hewa anayovuta mfanyakazi zamu nzima haina hata namba moja ukutani. Ningependa kipimo cha hewa kiwekwe mlangoni, mahali ambapo mteja na meneja wote watakiona, hata kama kitamwaibisha mtu. Hasa kikimwaibisha mtu.

Maana mimi mteja nakaa humo nusu saa, natoka na mfuko wangu. Keshia anabaki. Juzi nilimtazama mmoja akipuliza dawa kwenye kaunta, kufuta, kupuliza tena, kila mteja aliyeondoka. Ukungu ulikuwa unatua karibu na uso wake. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza anaivumiliaje hiyo harufu siku nzima.

Akasimama na chupa mkononi, akanusa kidogo.

"Harufu gani, kaka?"