Pesa za Kiayalandi zipo, kiwanja hakuna

Katikati ya 2023 makundi ya WhatsApp yalijaa ujumbe mmoja: Ayalandi inatafuta watu wa kuhamia visiwani, ukikubali unapewa euro 84,000. Shangazi yangu aliniandikia usiku, "Mwanangu, na tiketi ya ndege wanatoa?"

Hawatoi, shangazi. Ukweli wenyewe ulikuwa mkavu kuliko uvumi. Mwezi Juni mwaka ule serikali ya Ayalandi ilitangaza sera ya visiwa vyake visivyo na daraja, na ndani yake mlikuwa na ruzuku ya kukarabati nyumba: hadi euro 60,000 kwa nyumba iliyokaa tupu, hadi 84,000 kwa gofu lisilokalika. Nyumba lazima iwe imejengwa kabla ya 2008, iwe haina mtu kwa miaka 2 au zaidi, na uwe nayo wewe au uko mbioni kuinunua. Viza haimo na hela ya kula haimo. Hata hiyo ruzuku unaipata baada ya kazi kukaguliwa, kwa hiyo fundi unamlipa kwanza kutoka mfukoni mwako.

Watu walicheka, wakaendelea na mengine. Mimi nilibaki na swali: kwa nini nchi tajiri vile inafikia hatua ya kulipia mapaa na madirisha ili watu waendelee kuishi sehemu zenye mandhari ambayo watalii wanaivukia bahari? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba visiwa kadhaa kati ya hivyo, kama Árainn na Toraigh, ni Gaeltacht. Hilo ndilo jina la maeneo ambako Kiayalandi bado kinatumika nyumbani, dukani na kwenye ugomvi wa mipaka ya shamba. Yako vipande vipande katika kaunti saba, mengi yakiwa pwani ya magharibi. Kijana akihama huko anaondoka na lugha yake, na nyumba yake ikinunuliwa na mtu wa Dublin wa kuja wikendi mbili kwa mwaka, lugha hairudi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Serikali ya Ayalandi imetumia miaka mia moja kukilea Kiayalandi, na pesa imetoa kweli. Ila imekuwa hodari wa kulipia kile kinachoonekana, yaani vyeti, vibao vya barabarani na tafsiri za ripoti ambazo hazina msomaji. Kwenye kiwanja, nyumba na ajira kijijini imekuwa ikijikokota.

Kwanza, Kiayalandi kilifikaje hapo? Ardhi nzuri ya mashariki ilichukuliwa na walowezi kutoka Uingereza, wenyeji wakasukumwa kwenye mawe na matope ya magharibi. Kisha ikaja Njaa Kuu iliyoanza 1845, viazi vikaoza ardhini. Watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine wasiopungua hao wakapanda meli. Waliokufa na waliohama wengi wao walikuwa maskini wa magharibi, na maskini wa magharibi ndio waliokuwa wasemaji wa Kiayalandi. Waliobaki wakaona Kiingereza ndiyo nauli ya kwenda Boston.

Shuleni mambo yalikuwa haya: mtoto anavishwa kijiti shingoni kwa uzi, *bata scóir*. Kila akiteleza na kusema Kiayalandi, kijiti kinakatwa alama. Mwisho wa siku alama zinahesabiwa, viboko vinafuata hesabu. Wazazi nao walishiriki, wakikata alama nyumbani ili mwalimu azione kesho yake. Aliyesoma Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu sisi tulikuwa na diski. Ulikamatwa ukiongea lugha ya nyumbani, unavaa, unaipitisha kwa mwenzako atakayekosea, na wa mwisho jioni ndiye anayekula fimbo. Na hapa niseme kitu pembeni: shule nyingi za Kenya zilijengwa na mapadre na masista wa kutoka Ayalandi, wakatufundisha Kiingereza safi. Babu na bibi zao wengine waliwahi kuvaa kile kijiti.

Dola huru ilipozaliwa 1922 iliapa kuibadilisha historia hiyo. Katiba ya 1937 ikakifanya Kiayalandi lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza. Kwenye vijiji vya Gaeltacht serikali ilianza mpango, tangu miaka ya 1930, wa kulipa familia pauni 2 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule anayezungumza Kiayalandi. Mkaguzi alikuja kuongea na watoto ajionee. Unaweza kuwaona: wamepangwa wakiwa wamenawa uso, mama amesimama nyuma yao akiomba asiwepo atakayejibu kwa Kiingereza. Pauni 2 kwa mkulima wa Conamara, eneo la Gaeltacht kwenye pwani ya magharibi, zilikuwa pesa za maana. Mpango uliendelea kwa miongo kadhaa, ukafutwa wakati wa mdororo wa uchumi baada ya 2008. Siudharau, maana angalau pesa iliingia mkononi mwa mwenye nyumba. Lakini mtoto yule akifika miaka 18, pauni mbili hazikumpa kazi, akaenda London kumwaga zege.

Jaribio ninaloliheshimu kuliko yote ni Ráth Chairn. Wanaharakati wa Conamara, mwandishi Máirtín Ó Cadhain akiwa miongoni mwao, walimwendea mkuu wa serikali, Éamon de Valera, na hoja isiyo na mapambo: mnasema mnaipenda lugha yetu, basi tupeni ardhi inayolimika. Mwaka 1935 Tume ya Ardhi ikazihamisha familia 27 kutoka mawe ya Conamara hadi kaunti ya Meath, kwenye udongo mweusi, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Dublin ya leo. Kila familia ilipewa nyumba, shamba la ekari 22 hivi, nguruwe na zana za kuanzia. Wenyeji wa Meath hawakufurahi. Walisema ardhi yao inagawiwa wageni wasiojua hata kusalimia kwa Kiingereza.

Mpaka leo Kiayalandi kinasemwa Ráth Chairn. Miaka miwili baadaye serikali ilirudia zoezi hilo jirani, Baile Ghib, safari hii ikachanganya familia za kaunti mbalimbali zenye lahaja mbalimbali. Majirani wakawa hawaelewani vizuri, Kiingereza kikaingia kama mpatanishi, na leo lugha huko ni dhaifu zaidi. Hapo kuna somo kubwa la utawala ambalo naona halikusomwa vizuri: ukihamisha watu wanaojuana, na ukawapa riziki, lugha inajitunza bila mkaguzi. Na Ráth Chairn wenyewe walisubiri hadi 1967 ndipo dola ikawatambua rasmi kuwa Gaeltacht.

Viwanda vilikuja baadaye. Shirika la serikali la Gaeltarra Éireann lilianza 1958, na 1980 nafasi yake ikachukuliwa na Údarás na Gaeltachta, mamlaka ya maendeleo ya maeneo hayo, ambayo bado ipo. Gaoth Dobhair kule Donegal ikapata eneo lake la viwanda, na sehemu nyingine pia. Ajira zilikuja, uhamaji ukapungua, na waliokwenda Glasgow wakaanza kurudi. Tatizo ni kwamba walirudi na wake na waume wasiojua Kiayalandi, na mameneja waliletwa wakiongea Kiingereza. Wapo wanaodai kwa hiyo viwanda ndivyo vilivyoua lugha. Sikubaliani nao. Kijiji kilichohamwa hakina lugha yoyote. Kosa lilikuwa kuleta kiwanda bila kujali kinaendeshwa kwa lugha gani.

Redio ilionyesha njia nyingine. Pasaka ya 1970 vijana wa Conamara walifungua kituo kisicho na leseni huko Ros Muc, wakitangaza kwa Kiayalandi, kwa sababu redio ya taifa ilikuwa ikiwapa makombo. Serikali ikaaibika, na Aprili 1972 Raidió na Gaeltachta ikawa hewani. Televisheni ikafuata 1996, ambayo sasa inaitwa TG4, na makao yake yakawekwa kijijini Baile na hAbhann badala ya Dublin. Hivi sasa kuna wahariri, wapiga picha na mafundi sauti wanaoishi Conamara na kulipwa mshahara kwa sababu wanajua Kiayalandi. Kama nikiambiwa nichague matumizi moja tu ya serikali ya kutetea mbele ya mlipa kodi anayenuna, nitachagua hilo.

Na mlipa kodi ananuna, msidhani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,873,997 waliosema wanaweza kuzungumza Kiayalandi, yaani 40% ya wakazi wenye umri wa miaka 3 na zaidi. Wanasiasa wanaipenda namba hiyo. Ichimbe kidogo: zaidi ya nusu yao walikiri hawakizungumzi vizuri, na wanaokitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968. Ndani ya Gaeltacht yenye wakazi 106,220, wa kila siku nje ya shule walikuwa 20,261. Mkakati wa miaka 20 uliotangazwa 2010 uliahidi wasemaji 250,000 wa kila siku ifikapo 2030.

Kutokana na namba hizo wengine wanasema Gaeltacht tuiache, mustakabali uko mijini, mbona wasemaji wengi wa kila siku wako nje yake? Shule za Kiayalandi za Dublin na Belfast zinajaa, ni kweli, na wazazi wale nawavulia kofia. Lakini hata watoto wa Dublin wanapelekwa Gaeltacht majira ya joto, maelfu kwa maelfu, wakae wiki tatu kwenye nyumba ya *bean an tí*, mama mwenye nyumba, wale chakula chake na wasikie lugha ikitumika kuulizia viatu vyenye matope. Serikali inampa mama huyo posho kwa kila mwanafunzi. Akizeeka, binti yake akawa anapanga chumba Galway mjini kwa sababu kijijini hapati pa kujenga, watoto wa Dublin watalala kwa nani?

Na kujenga ndiyo kazi. Utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe ulionya mwaka 2007 kwamba wasemaji wa kila siku wakishuka chini ya 67% ya wakazi, Kiayalandi kinaacha kuwa lugha ya jamii, na kwamba hata ngome zenye nguvu zilikuwa zimebakiwa na miaka 15 hadi 20. Hesabu za 2015 zikasema hali ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa. Pamoja na onyo hilo, kijana wa An Cheathrú Rua, kijiji cha Conamara, anayetaka kujenga kwenye shamba la baba yake anakataliwa kibali kwa sababu ya mandhari, au maji taka, au barabara, huku nyumba ya pili ya jirani ikipangishwa watalii kwa usiku mmoja mmoja. Nchi nzima sensa ilikuta nyumba tupu zaidi ya 160,000, tena bila kuhesabu zile za likizo. Miongozo maalumu ya ujenzi kwa Gaeltacht, inayotarajiwa kumpa uzito mtu mwenye lugha, imeahidiwa na kuahirishwa kwa miaka.

Mwaka 2025 Gaeltacht iliondolewa kwenye wizara iliyokuwa inaichanganya na utalii, michezo na sanaa, ikaunganishwa na wizara ya maendeleo ya vijijini chini ya Dara Calleary. Baadhi ya wapenzi wa lugha walilalamika kwamba wanashushwa kuwa suala la shamba na barabara. Mimi nilifurahi, maana suala la shamba na barabara ndilo lenyewe. Furaha yangu ina mpaka, lakini. Vibali vya ujenzi vinatolewa na halmashauri za kaunti kwa kufuata sera za wizara ya makazi, na waziri wa Gaeltacht, awe na nia njema kiasi gani, hana saini kwenye kibali cha nyumba hata moja.