Baridi au moto?

Hujakaa vizuri baa, mhudumu ameshauliza: baridi au moto? Wazee wengi husema moto, yaani bia ambayo haijaingia friji, nasi tunawacheka. Mimi nimeacha kuwacheka. Hawajapatia kabisa, ila wako karibu na ukweli kuliko anayetaka chupa iliyoshika barafu.

Aliyenibadilisha ni pilsner. Kenya jina hilo ni chapa ya bia yenye simba, kumbe asili yake ni mji: Plzeň, kule Bohemia, kwa Wacheki. Mwaka 1838 bia ya mji huo ilikuwa mbovu kiasi kwamba mapipa 36 yalimwagwa hadharani mbele ya ukumbi wa mji. Wenyeji wakajenga kiwanda cha pamoja, wakamwajiri mpishi wa bia Josef Groll kutoka Bavaria, Ujerumani ya leo, naye Oktoba 1842 akapika bia ya rangi ya dhahabu, angavu, watu wakiwa wamezoea bia za rangi nzito. Mkataba wake ulipokwisha 1845 hawakuuongeza. Shukrani ya punda!

Siri kubwa ni maji. Ya Plzeň ni laini mno, hayana chumvichumvi, kwa hiyo unaweza kutia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kutoka Žatec hukohuko Bohemia, kwa wingi na uchungu wake usikwaruze koo. Hamira nayo hufanya kazi polepole kwenye baridi, kisha bia inalazwa wiki kadhaa itulie. Ndiyo maana bia za namna hii, pilsner ikiwemo, huitwa laga: neno lenyewe ni la Kijerumani, na maana yake ni kuweka ghalani.

Sasa ionje. Mimina kwenye glasi isiyo na mafuta wala sabuni, na povu lisikutishe. Wacheki hulitaka nene, na bia isiyo na povu wanaiona imekufa. Nusa kwanza: mkate, majani mabichi, maua kwa mbali. Pilsner Urquell, ile ya kiwanda kilekile cha Plzeň, ina hata kaharufu ka siagi, ambako wengine hukaita kasoro. Mimi nakapenda. Halafu piga funda la haja, maana hii si chai ya kunyonya. Utamu wa shayiri hutangulia, uchungu hufuata na kubaki. Usipobaki, umekunywa laga ya kawaida tu. Na wanaodhani uchungu ndio ukali wajue kilevi cha Urquell ni asilimia 4.4.

Yote hayo huyapati bia ikiwa karibu na kuganda, kwa sababu ulimi umekufa ganzi na unachomeza ni ubaridi na gesi. Nadhani ndiyo sababu bia zisizo na ladha hutangazwa kwa picha za barafu. Lakini moto ya mchana wa Mombasa nayo povu lake hufoka lote, ukabaki na maji matamu. Nyuzi 7 hivi zinatosha.

Kwa hiyo nikiulizwa siku hizi nasema: baridi, lakini usiifungue kwanza. Chupa inakaa mezani ikitoka jasho, na mhudumu anadhani kuna mtu namsubiri.