Harufu Haikuwa Yangu

Najua mshaipata. Ile picha inazunguka kwa grupu ya mtaa tangu jana asubuhi, makalio juu, leso ya maua, gambuti mguu mmoja, ni mimi, siwezi kataa kwa sababu hiyo gambuti yenye kiraka mnaijua. Picha nimekubali. Chenye sikubali ni ile voisi imeambatana nayo, ya huyu rafiki yangu wa bodaboda, ati alinipata nikiiba mayai kwa nyumba yangu mwenyewe, nikakwama, nikajifanyia. Hivyo ndivyo amesema, na anacheka, "amejifanyia, harufu mpaka steji." Sasa niko hapa nje kwa kiti cha plastiki kwa sababu ndani sijaruhusiwa, bando ninayo na hasira ninayo, wacha niwape maneno yenyewe.

Kwa wenye hawajui kwetu, tunakaa ule upande wa Nakuru wenye ukirusha jiwe vizuri linaangukia ndani ya parki. Fensi ya stima iko, na inazuia faru na simba sawasawa, lakini vile vinyama vidogo vya kupita chini havina habari na stima. Na nyani ndio kabisa, nyani anakuja mchana kweupe anaketi kwa ukuta anakuangalia ukila.

Kufuga kuku huku ni vita. Mchana una mwewe, na ndio maana vifaranga wangu ni pinki. Usicheke, mtaa mzima tunapaka, unachanganya ile rangi ya unga na maji unawachovya, mwewe akishuka akiona kitu pinki kinatembea anaingiwa na mashaka. Kuna nguchiro, hao wanakuja saa nane mchana familia nzima, shida yao ni mayai. Halafu kuna usiku.

Juzi juzi kitu kiliingia kikaua mitetea, kikala vichwa, miili kikaacha. Mzee wetu wa nyumba kumi akaja akaangalia akasema hiyo ni kanu, yule paka pori mwembamba wa madoa mwenye mkia mrefu wa mistari, na akaniambia kitu nikakiweka moyoni: kanu, pale kichwa kimepita mwili unapita. Basi nikajenga upya. Ile waya ya kuku ya kawaida nikaitoa, hiyo inazuia kuku kutoka, haizuii mtu kuingia. Nikanunua kofi trei, ile ya vishimo vidogo, nikaifukia na nikaikunja chini kuelekea nje karibu futi moja, ndio mwenye atakuja kuchimba achimbe akutane nayo. Mlango mkubwa nikatia kufuli. Mlango mdogo wa kuku, futi moja kwa futi moja, nikauwekea ubao wa kuteremka, unauvuta na kamba juu, kamba unaifunga kwa msumari. Na kwa sababu ya nyani, ambaye ana mikono na ana subira, nikafunga jiwe juu ya ubao ndio asiweze kuinua. Fundi akaniambia, boss, hilo jiwe ni kubwa. Nikamwambia nyani pia ni mkubwa.

(Waya iliisha kabla ya kona ya nyuma, pale chini ya viota. Tukaziba na gunia na mawe tukasema tutanunua ingine mwisho wa mwezi. Hapo mwanakijiji mwenye akili ashajua hadithi inaelekea wapi.)

Ijumaa Mama Watoto akaenda kesha. Funguo zote za hii boma huwa kwa mkoba wake, na mkoba ulienda kesha pia. Mimi nikalala. Usiku wa manane kuku wakapiga kelele, si ile ya kusukumana, ni ile ya kuita serikali. Nikaruka. Nikafunga leso ya kwanza iliyonijia mkononi, nikapata gambuti moja ya pili nikakosa, nikashika simu nikawasha tochi, nikatoka mbio. Kufika, kufuli. Ufunguo uko kanisani unaimbiwa. Ndani kuku wanakufa. Nikaangalia ule mlango mdogo. Ule mlango mdogo ukaniangalia.

Nikavuta kamba, ubao ukapanda, nikafunga kwa msumari, nikalala na tumbo nikaingiza kichwa. Kikapita. Nikaingiza mkono wa simu, ukapita, bega, bega la pili na kulalamika kidogo. Nikasema si ni haya, kichwa kimepita, mwili unakuja. Kumbe hiyo sheria ni ya kanu. Binadamu mwenye amekula chapati miaka hii yote, mwili unafika mahali unasema asante, mimi nabaki huku. Nikavuta pumzi nijisukume na ule mguu wenye gambuti, ukuta ukatikisika, msumari ukaachia kamba.

Jiwe la nyani likashuka na ubao juu ya kiuno changu.

Sikuumia sana, wacha nisidanganye, leso ilisaidia. Lakini nilishikwa. Mbele siendi, nyuma sirudi, mkono mmoja ndani mwingine umebanwa ubavuni. Na hapo ndio tochi ikaangukia chini ya viota nikakiona.

Si kanu. Ni kadogo, kananing'iniza kifaranga changu pinki mdomoni. Keusi, mistari meupe kutoka kichwani mpaka mkiani, nywele ndefu za kupendeza, yaani katoto ka paka kamevaa vizuri. Kicheche. Mimi kicheche nilikuwa nasikia tu, sijawahi kuangaliana naye uso kwa uso futi mbili nikiwa nimebanwa. Tukatazamana. Akaweka kifaranga chini polepole. Nikamwambia "shii". Akavimbisha nywele zote mwili mzima. Nikamwambia tena "shii, toka", na nikampungia mwanga machoni. Yeye akageuka taratibu akanipa mgongo, na mimi nikafurahi! Nikasema ameona haya, anaenda. Kisha mkia ukapanda. Nikaona, na nilikuwa na muda wa kutosha kuona, mkia ukipanda mpaka ukasimama wima, na akaniangalia juu ya bega kuhakikisha ni mimi.

Wadau, sijui mniulize nini. Ni kama mtu amechoma tairi juu ya kitunguu saumu kilichooza, halafu akakuwekea ndani ya jicho. Ilinipata usoni, na mdomo ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa katikati ya "shii". Macho yakafunga yenyewe. Nikataka kupangusa, mkono mmoja umebanwa, mwingine una simu, nikajipangusa na simu. Nikapiga nduru. Kuku wakapiga nduru. Jogoo, yule naita Gavana, ambaye wakati huu wote alikuwa juu kabisa kwa mti wa kulalia akiangalia maendeleo, akanishukia kichwani akaniparura, ati adui ni mimi.

Kwa nje sasa. Huyu mtu wa bodaboda alikuwa anarudi kutoka kupeleka mteja, akasikia nduru, akaona lango liko wazi, akaingia na taa ya pikipiki imewaka yote. Chenye aliona ni nusu mtu. Akapaaza sauti, "Mwizi wa kuku! Leo umepatikana!" na nikasikia akivunja kitu kwa ua, na nyinyi mnajua mwizi wa kuku huku kwetu hupelekwa wapi kabla ya polisi. Nikaita jina lake. Nikaita jina la mamake. Nikamtajia deni la mia tatu ananidai tangu Krismasi, ndio akanyamaza akasema, "Ni wewe?"

Ni mimi.

Sasa rafiki wa kweli anainua jiwe. Huyu kwanza akapiga picha. Ukivuta hiyo picha karibu utasoma maandishi ya leso, yamenyooka vizuri kabisa pale juu ya makalio: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ndipo akaja akainua ubao, harufu ikatoka ikampata, akasema "uwi!" akaachilia. Kiunoni tena. Hiyo mara ya pili ndio iliniuma kweli na hiyo kwa voisi hajaisema. Kicheche yeye alichukua kifaranga chake, akasukuma gunia la fundi, akatoka bila haraka.

Mengine ni mafupi. Nilitolewa, majirani walifika, walirudi nyuma. Nimeoga na Omo, ndimu na nyanya, nyanya ni uongo mtu asikudanganye. Mtu wa kemisti ndiye alinipa haidrojeni peroksaidi, akaniambia nichanganye na magadi ya kuoka na sabuni ya vyombo, nipake bila kufunga kwa chupa kwa sababu inaweza kupasuka, na nichunge macho. Hiyo imepunguza. Mama Watoto alirudi kutoka kesha akafika kwa lango, akasimama, akauliza ni nani amekufa.

Na wewe mwenye umeniandikia inboksi niweke sumu, acha. Itakula mbwa wa jirani kwanza, na hawa wanyama wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, nikishikwa ndio nitakaa nje kweli. Mzee wa nyumba kumi anasema kicheche alianza kuja kwa sababu ya panya, na panya wanakuja kwa sababu ya chakula cha kuku nilichokuwa nikiacha usiku. Sasa chakula kinalala kwa pipa lenye kifuniko. Kona ya nyuma imepata kofi trei leo asubuhi, pesa ilipatikana, sijui kwa nini haikuwa ikipatikana.

Vifaranga wamepungua. Mitetea ni wazima na wanataga. Mayai ya kienyeji yapo, trei moja ni shilingi mia sita, na ukitaka uje mwenyewe uchukue, delivari ilikuwa ya bodaboda na mwenye bodaboda hatuongei.