V-2 imesifiwa mno, Aerobee ikasahaulika

Zikitajwa roketi za mwanzo za kuchunguza anga ya juu, sifa zote huiendea V-2, silaha ya Kijerumani ambayo Wamarekani walianza kuirusha White Sands, New Mexico, mwaka 1946. Kwangu mimi imependelewa, ikilinganishwa na Aerobee, roketi ndogo ya Kimarekani ya utafiti. Ilikuwa na tani zaidi ya 12, na pua yake iliundwa kubeba karibu tani moja ya vilipuzi. Vyombo vya sayansi vikiwa vyepesi, ilibidi waongeze uzito puani, la sivyo ingeyumba. Baada ya kama dakika moja injini ilizima, vibati vya grafiti vilivyoiongoza ndani ya moto wa injini vikakosa kazi, nayo ikaanza kupinduka ovyo. Hebu lenga jua kwa chombo kilichomo humo!

Mwanafizikia Mmarekani Richard Tousey alikwepa balaa hilo kwa werevu: katika chombo chake cha kuchanganua mwanga wa jua, mahali pa mwanya mwembamba wa kuingizia mwanga aliweka ushanga wa floridi ya lithiamu, unaopitisha urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) na kupokea jua kutoka pembe pana. Juni 1946 V-2 iliyokibeba ilianguka ikitanguliza pua, ikachimba shimo, na filamu yenye picha isipatikane. Oktoba 10 chombo kilikuwa kwenye pezi la mkia. Pua ilikatwa kwa vilipuzi wakati wa kushuka, ili kiwiliwili kipoteze umbo la mshale na kupunguza kasi. Filamu ikapatikana.

Aerobee ya mwaka 1947, mradi uliosimamiwa na mwanafizikia James Van Allen, ilikuwa na kipenyo cha sentimita 38 tu, ikipandisha kilo 68 hivi hadi zaidi ya kilomita 100. Iliendeshwa kwa vimiminika viwili: asidi ya nitriki na mchanganyiko wa anilini na alkoholi ya furfurili, ambavyo huwaka vikigusana tu, na gesi iliyoshindiliwa ndiyo iliyovisukuma, pampu haikuhitajika. (Wajazaji walivaa mavazi ya kinga: asidi huunguza, anilini ni sumu.) Usukani haikuwa nao. Roketi ya fueli ngumu iliisukuma kwa sekunde 2.5 ndani ya mnara, na mnara uliinamishwa kufuata vipimo vya upepo, hasa ule wa karibu na ardhi, kwa kuwa roketi yenye mwendo mdogo hupotoshwa kirahisi.

Juni 1962 Aerobee ya kundi la mwanafizikia Riccardo Giacconi ilifika kilomita 225, ikakaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350 na kunasa eksirei za Scorpius X-1, chanzo kilicho mbali nje ya mfumo wa jua. Giacconi huyo huyo ndiye aliyeongoza satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei.