Daudi alisamehewa, lakini someni sura yote

Kuna mwandishi anayesema aliyetubu asikumbushwe tena alichokifanya, maana Mungu ameshafuta yote. Kusamehewa nakubali kabisa. Ila 2 Samweli 12 msiishie pale nabii Nathani anapomwambia Mfalme Daudi, aliyemchukua mke wa askari wake Uria kisha akamfanya Uria auawe, kwamba dhambi yake imeondolewa, hatakufa. Mstari wa 10 umeshasema upanga hautaondoka nyumbani mwake, na wa 14 unatangaza kifo cha mtoto. Ikawa hivyo. Mtoto akafa, kisha wanawe wengine wakauawa, Amnoni na baadaye Absalomu, baba akabaki kulia, "Mwanangu Absalomu!" Na Uria je? Hakufufuka. Vivyo hivyo, mke aliyepigwa miaka yote hawezi kuamrishwa asahau eti kwa sababu mumewe katubu Jumapili iliyopita. Huyo mume arudishe alichoharibu, kama Zakayo, mtoza ushuru aliyetubu mbele ya Yesu, alivyoahidi kurudisha mara nne, na amvumilie mkewe anapochelewa kumwamini.